Meli Iliyokatwa Katikati

Baba yangu alikuwa na kihenge cha ulezi ambacho watu walitoka vijiji vingine kuja kukitazama, na si kwa sifa. Mwaka mmoja ulezi ulikubali kuliko kawaida, kihenge kikajaa mpaka kifuniko kikawa kimekaa juujuu kama kofia ya mtu mwenye kichwa kikubwa. Mama akasema kisukwe kingine. Baba akasema kihenge kipo, kilichopungua ni tumbo tu. Akaenda misheni kuazima msumeno, akapakua ulezi wote, akakikata kihenge katikati kwa kukizunguka kama mtu anavyokata boga. Ile nusu ya juu wanaume wa ukoo wakainyanyua, wakaikalisha kwenye miti yenye panda, naye akaingia chini yake kusuka mkanda wa fito wa kuunga hapo katikati. Akaukandika udongo na samadi. Kilipokauka kilikuwa kirefu kuliko nyumba yetu, na kiliegemea kidogo upande wa Zambia.

Waliokuja kukitazama walisalimia kwa kusema poleni. Baba alikuwa anawajibu kwamba tumeshapoa. Kihenge kilisimama mpaka yeye mwenyewe alipokufa, na panya hawakukisumbua kwa sababu hawakuelewa kimeanzia wapi. Hilo la panya alilisema baba, mimi sikuwahi kuwauliza.

Mimi shule niliishia darasa la pili. Nilitolewa nikachunge mbuzi, mbuzi wakafa mwaka uleule, lakini shule hakuna aliyekumbuka kunirudisha. Kuandika nimefundishwa ukubwani na katekista, ambaye naye alikuwa na haraka, kwa hiyo mtanivumilia. Ninachotaka kusema ni kwamba mambo mengi ya dunia mimi nimeyaelewa kwa njia ya kile kihenge. Watu wakisema daraja, nafikiria kihenge. Padri alipoeleza Utatu nilifikiria kihenge na nikaelewa haraka kuliko wenzangu. Kwa hiyo siku alipokaa mtu mbele yetu akasema alifanya kazi kwenye meli kubwa ambayo ilikatwa katikati ikaongezwa urefu, mimi peke yangu ndiye niliyetikisa kichwa kwa kukubali. Wengine walitazama chini.

Mtu huyo nilikuwa mshenga wake. Mimi ndiye niliyepeleka posa kwa wakwe zake, na nilisema kwa kinywa changu kwamba kijana ni mtulivu, hana miguu ya kuzurura. Akaoa. Wakapata watoto wawili, nyumba ya tofali ikafika usawa wa kupaua. Asubuhi moja akaondoka kwenda Mbeya kununua mabati, kwa sababu ya Sumbawanga alisema ni mepesi. Aliporudi mtoto wa kwanza alikuwa na ndevu. Mabati hakuja nayo. Nyumba mke wake alikuwa ameshaipaua mwenyewe, kwa mabati ya Sumbawanga, na hayajapeperuka mpaka leo.

Kwetu mwanaume aliyepotea namna hiyo haendi kwake moja kwa moja. Anaanzia kwa wakwe, akiwa na mshenga wake, kuku mmoja, na chungu cha kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi inayonywewa kwa mrija. Anakalishwa kwenye kigoda kifupi karibu na mlango, anasema njia: alikolala, alikokula, alichofanya kule. Wakwe wanauliza watakavyo. Mke anakaa ndani, nyuma ya mlango, hasemi kitu, ila ana swali lake moja, na hilo linakuja mwisho. Wakiridhika wote, kuku anachinjwa na mwanaume analala kwake siku hiyohiyo. Wasiporidhika, kuku anarudishwa akiwa hai. Kuku nilimshika mimi.

Aliyeongoza kikao alikuwa mjomba wa yule mke. Mjomba huyo ujanani aliwahi kukaa Kirando, kule ziwani, akinunua dagaa, kwa hiyo ndiye tuliyemtegemea kwa mambo ya maji.

"Haya mkwe," akasema. "Ulikwenda Mbeya."

"Nilifika Mbeya, mjomba. Bei ya mabati ilikuwa imepanda. Nikasema nifike Dar es Salaam."

"Dar nako ilikuwa imepanda?"

"Dar nilipata kazi ya kutandika vitanda hotelini. Hotelini akaja mtu anatafuta watandika vitanda vya melini."

"Vitanda melini," mjomba akasema, akatuangalia. Kirando alikuwa ameona maboti mengi na hakuna hata moja lililotandikwa.

Basi yule mtu akaanza kuisema ile meli. Aliisema kama mtu anavyosema ukoo wa mchumba, tangu bibi. Alisema iliundwa nchi ya baridi, baridi ambayo mbele yake Sumbawanga ya mwezi wa saba ni mchezo. Iliundwa vipandevipande nchi kavu, kila kipande kikubwa kama kanisa, kisha vikaunganishwa kwa moto. Ilikuwa na ghorofa kumi na mbili za wageni na nyingine chini ya usawa wa maji, ambako ndiko walikolala wao. Urefu wake, akasema, ukiiweka pua pale kanisani, mkia unapita mashine ya kusaga. Ubavuni ilikuwa na mapezi ya chuma kama ya samaki, yanafunguka bahari ikichafuka, ili wageni wasimwage supu. Maji ya kunywa ilikuwa inayatengeneza yenyewe kutoka baharini.

"Na chumvi inakwenda wapi?" mjomba akauliza.

"Inarudishwa baharini."

"Hilo sawa," mjomba akasema. Alionekana kuridhika kwamba haipotei.

"Na ghorofa ya juu kabisa kuna bwawa la kuogelea."

"Maji juu ya maji."

"Ndiyo, mjomba."

"Hao watu mnawapeleka wapi?"

"Tunawachukua bandarini, tunazunguka visiwa, tunawarudisha."

"Bandari ipi?"

"Ileile."

Mjomba akavuta mrija kidogo. "Wamesahau kitu?"

"Hapana. Wanalipa ili warudi."

Hapo nilimsikia mtu ndani ya nyumba akisogeza sufuria ambayo haikuhitaji kusogezwa.

Akaendelea. Alisema wenye meli wa kwanza walipoona wageni wamezidi vyumba, waliipandisha kwenye gati kavu, wakaikata katikati kwa moto, wakazitenganisha nusu mbili, wakasukuma kati yake kipande kipya chenye vyumba vyake na mabomba yake, wakaziba. Ndipo nilipotikisa kichwa.

"Chombo kikikatwa kimekufa," mjomba akasema. "Kirando hata mtoto anajua. Kikatwe halafu kiende? Mshenga, na wewe unakubali?"

"Kihenge cha baba kilikwenda," nikasema.

"Kihenge chenu kilikuwa kinakwenda Zambia!"

Wakacheka wote, mpaka yule mkwe. Nami nikaona kwamba mambo si mabaya. Nimeshakaa kwenye vikao hivyo, najua. Mwanaume anayedanganya kwa bidii namna hiyo wakwe wanamwonea huruma. Wanasema masikini, alifungwa gerezani mahali, au aliuza karanga, anaona aibu. Wanamchinjia kuku ili anyamaze. Nikamlegeza kuku kidogo.

Lakini yeye hakutaka kuhurumiwa, alitaka kuaminiwa. Akafungua begi, akatoa taulo nyeupe. "Kila jioni," akasema, "kazi yangu ilikuwa kumwachia mgeni mnyama kitandani." Kabla hatujauliza, akaikunja taulo, akaiviringisha pande mbili, akapachika, akavuta, na mbele yetu akakaa tembo mwenye mkonga na masikio. Mjomba akarudisha kigoda chake nyuma. Tembo yule akakaa katikati yetu kikao chote akimtazama kuku.

"Mwalimu," mjomba akasema, "hebu itafute hiyo meli."

Mwalimu ni mdogo wake yule mke, anafundisha shule ya msingi. Akamuuliza shemeji yake jina la meli, na shemeji akamtajia majina matatu, maana ilikuwa imeuzwa na kubatizwa upya kila mara. Mwalimu akapanda kwenye kichuguu nyuma ya choo, ambako mtandao unashika, akakaa huko. Sisi tukanywa. Aliporudi alikuwa anatembea huku anasoma simu.

"Mjomba, ipo."

Akatuonyesha. Picha ya kwanza ilikuwa nyeupe yote. Picha ya pili ilikuwa na nusu mbili zimeachana, na katikati unaona mbingu. Nikasema hicho ndicho kihenge, hakuna aliyenijibu. Picha ya tatu ilikuwa ndefu, imepakwa mstari wa buluu, jina jingine. Mwalimu akasoma kwamba baadaye ilibeba wastaafu, kwamba wakati ule wa barakoa ilifunga nanga ikakaa bila wageni, na kwamba mwisho ilipelekwa ufuko wa matope nchi za mashariki, ikaendeshwa kwa kasi ikapanda nchi kavu, wakaikatakata kuwa chuma chakavu. Ya mwisho ilikuwa picha ya meli bila pua, unaona vyumba vyote kama sega la nyuki.

"Hata mapezi yameandikwa," mwalimu akasema.

Mjomba akauweka mrija chini. Kisha akainuka, akampa mkwe wake mkono, akamshika na kiwiko. "Nisamehe, mwanangu. Nilidhani ulikuwa gerezani."

"Hapana, mjomba."

"Tulikuwa tumeshakusamehe na gereza."

"Asante, mjomba."

"Mshenga, kisu kiko wapi?"

Yule mtu alikuwa anang'aa. Aliichukua simu ya mwalimu, akawa anavuta ile picha kwa vidole: hapa ndipo nilipolala, hapa ndipo palikuwa na dobi, hili dirisha nimelifuta mimi. Nami nikamgeuza kuku kichwa chini. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya mlango.

"Bado mimi."

Tulikuwa tumemsahau kabisa. Mjomba akakaa. "Uliza, mama."

"Siku zile meli ilipokuwa haifanyi kazi," mke akasema, "wewe ulikuwa wapi?"

Ni swali moja, hakuvunja desturi. Lakini yule mtu alilitazama kama mtu aliyepewa mzigo mmoja akakuta ndani una mizigo mitatu. Angeweza kusema uongo. Nilimwombea aseme. Lakini alikuwa ametoka kuaminiwa muda uleule, na nadhani alishindwa kuiacha ile hali mapema namna hiyo.

"Ilipokatwa," akasema, "walitupa likizo na tiketi, kila mtu aende kwao."

"Nawe?"

Mjomba ndiye aliyeuliza hilo, kwa sauti ndogo.

"Nilikaa. Nilipanga chumba karibu na gati. Nilikuwa naenda kuangalia wanavyoiunga."

Mwalimu akaichukua simu yake.

"Na wakati wa barakoa walirudisha watu makwao kwa ndege. Walihitaji wachache wa kujitolea kubaki. Vyumba vikifungwa sana vinaota ukungu, mjomba. Lazima mtu afungue, apepee, afunge."

"Ukajitolea."

"Nilijitolea. Na ilipokwenda kuvunjwa walichukua wachache wa kuifikisha. Vitanda havikuwa na mtu, lakini nilivitandika." Akamwangalia yule tembo. "Na wanyama niliweka."

Kikao chote sikuwa nimemwona mke wake, ila sasa mlango ulifunguka, akatoka akijifuta mikono kwa khanga. Amezeeka vizuri yule mama. Hakumtazama kwa hasira, na hasira ingekuwa nafuu. Alimsogelea pale kwenye kigoda, akapiga goti moja na kupiga makofi polepole, kama tunavyofanya mbele ya mtu aliyefikwa na msiba.

"Pole sana, baba," akasema. "Sikujua kwamba umefiwa."

Yule mtu akafunga begi lake. Kisha akajibu kama anavyojibu mfiwa: "Asante. Tumeshapoa."

Mke akainuka. Alimpita yule tembo wa taulo, akarudi akamwokota, akamshika mkonga, akamkung'uta mara moja, na akawa taulo. Akaingia nayo ndani. Tukasikia anafuta vyombo.

Mjomba aliniangalia, akaangalia kuku, akaangalia kisu. Nikamgeuza kuku kichwa juu. Hakuna aliyesema asichinjwe, ila hakuna aliyekuja na sufuria.

"Naomba kunyoosha miguu kidogo, mjomba," yule mtu akasema.

"Jinyooshe, mwanangu. Pombe ipo."

Akachukua begi lake. Mtu anayekwenda kujinyoosha hachukui begi, lakini nilinyamaza, maana ni mimi niliyesema zamani kwamba hana miguu ya kuzurura. Nikamfuata na kuku, kwa sababu kuku huyo alikuwa wake na desturi inasema arudishwe. Nikaita mara mbili. Alikuwa anatembea taratibu, ameshika ukingo wa njia, mkono mmoja kaunyoosha pembeni kidogo kama anayepita kwenye korido nyembamba asigonge milango ya watu. Akapita kanisani. Alipofika mashine ya kusaga alisimama, akageuka akatazama kanisa alikotoka, umbali wote ule, kama anayepima. Kisha akashika barabara ya Sumbawanga, na hajarudi.