Bwana Misumari na Mjukuu Wake

Wateja walimwita Bwana Misumari, kwa sababu fundi makochi huyo alifanya kazi na misumari midogo mitano sita imebanwa midomoni. Wao walidhani ni mazoea ya ufundi. Binti yake, muuguzi, alijua siri: baba alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, na mwenye misumari kinywani haulizwi maswali mengi. Alipokuwa mdogo binti alimwonea haya mbele ya wenzake, jambo ambalo hakuwahi kulitamka.

Kisha mwanawe mwenyewe, msichana wa pekee, alipoanza kusema naye akawa anakwama. Mama akawa anammalizia maneno, kwa huruma na kwa haraka ya kuwahi zamu. Babu hakummalizia hata neno moja. Kila alasiri mtoto alitoka shule akaketi juu ya rundo la sponji, na mzee akatema misumari kiganjani, akaweka nyundo chini, akangoja. Kisa cha dakika mbili kiliweza kula robo saa.

"Na m-mwalimu akasemaje, bosi wangu?"

"A-akasema ninyamaze."

"Ba-basi amekosa uhondo!"

Wakacheka mpaka mbavu zikawauma.

Ila kazini mwenzake alimtia muuguzi maneno: "Mtoto huiga. Huyo anaambukizwa na babu yake." Naye, kwa uchovu, akaamini. Akamfuata baba yake mlangoni mwa karakana.

"Baba, naomba asije kwanza. Mpaka ulimi wake ukae sawa."

Mzee akafungua kinywa. Herufi ya kwanza ikagoma. Binti hakungoja.

"Najua, Baba. Lakini ni kwa faida yake."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akarudisha misumari midomoni.

Ikapita miezi minne. Mtoto hakupona; alinyamaza. Akitaka maji alionyesha kikombe kwa kidole. Shuleni jina lake likiitwa aliinua mkono tu. Hatimaye muuguzi akamwona mtaalamu wa matamshi, akaambiwa kigugumizi hakiambukizi kama mafua.

"Anahitaji mtu wa kumsikiliza bila haraka," mtaalamu alisema. "Anaye?"



Kesho yake muuguzi akamshika mtoto mkono wakaenda kwa Babu. Karakana ilikuwa imefungwa siku ya tatu. Walimkuta mzee nyumbani kwake, kitandani, kifua kimembana, midomo imekauka. Akalazwa wodi ileile ambamo binti yake alifanya kazi.

Mtoto akavuta kiti karibu na kitanda. Akaanza kumsimulia Babu miezi yote minne, tangu siku ya kwanza, neno kwa neno, akikwama na kuendelea. Mzee hakuweza kusema kwa ajili ya barakoa ya hewa, lakini macho yake hayakubanduka usoni pake. Muda wa kuona wagonjwa ukaisha. Muuguzi akajifanya hakuona saa.

Siku ya nne mzee akafariki. Masimulizi yalikuwa hayajafika hata mwezi wa tatu.

Muuguzi alikuwa na siku nne za kumwomba baba yake radhi. Alizitumia kubadilisha shuka na kupima joto, akijiambia atasema akipata nafuu.

Siku hizi mtoto huongea kidogo nyumbani. Karakana imepangishwa kwa muuza vyombo. Muuguzi akitoka kazini huzunguka kwa njia ya nyuma, ndefu zaidi, na mtoto hajawahi kumwuliza kwa nini.