Mbwa Aliyejua Kijaluo

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipoamka na kumkuta mume wangu akicheka na mbwa. Si kucheka kidogo. Alikuwa amekaa kwenye omo, mbele ya mashua, mkono mmoja amemkumbatia mnyama shingoni, anamsimulia jambo kwa Kijaluo, kisha anacheka hadi mabega yanatikisika. Mimi nilikuwa mke wake wa miezi michache, na tangu anioe hakuwahi kucheka hivyo nami. Nikajifunika leso usoni nikajifanya bado nimelala. Moyo ulikuwa unawaka, nakwambia kweli, unawaka kwa sababu ya mbwa.

Cheka tu, hata mimi siku hizi nacheka. Lakini wewe ulikuja hapa jana umenuna, kwamba mwenzako ana kitu anachokipenda kuliko anavyokupenda wewe, sijui ni simu, sijui ni dada yake, hukunieleza vizuri. Basi vuta kiti. Nikikuambia nayajua maumivu yako, sikubembelezi.

Mimi ni Mkuria, kama unavyojua. Nilizaliwa bara, kwenye tumbaku na mahindi, karibu na mpaka wa Tanzania, na ziwa nilikuwa nimeliona kutoka mlimani tu, kwa mbali. Okelo nilikutana naye sokoni Migori. Alikuwa ananunua mahindi anayasafirisha kwa mashua yake kutoka Muhuru mpaka Sindo, na mara nyingine mpaka Homa Bay mjini. Yeye hakujua Kikuria, mimi sikujua Kijaluo, kwa hiyo tulichumbiana kwa Kiswahili, na Kiswahili chetu wote wawili kilikuwa cha sokoni, cha gunia na mizani na punguza kidogo. Kilitosha, nilidhani. Mtu anaweza kuposwa kwa maneno machache ikiwa mposaji ana meno mazuri, na Okelo alikuwa na meno.

Hakunificha kitu. Aliniambia mapema kwamba alishaoa, mke wake Apiyo akafariki kwa ugonjwa, na hawakujaliwa mtoto. Akasema Apiyo alimwachia mbwa. Nikasikia neno mbwa nikalipita. Nani anayemhesabu mbwa?

Mwaka ule ndio ule wa mvua za El Niño, mvua iliyobomoa madaraja na kuozesha mahindi shambani. Okelo akapakia magunia yake Muhuru ili ayashushe Sindo, na kutoka hapo anipeleke kwao Rusinga nikamwone mama yake kwa mara ya kwanza. Ndani ya mashua tulikuwa yeye, mimi, shangazi yake ambaye Wajaluo humwita Waya, na huyo mbwa. Jina lake Rateng', maana yake mweusi, na alikuwa mweusi kweli, hata ulimi ulikuwa na madoa.

Hatukufika Sindo siku ile. Mawingu yalishuka, upepo ukageuka ukaja kwa nguvu kutoka katikati ya ziwa, Okelo akakimbilia ghuba ndogo nyuma ya kilima kutafuta kituo. Akatia nanga tukalala. Kulipokucha hapakuwa na maji. Pande zote palikuwa kijani kitupu, magugu maji yamesukumwa na upepo yakajaa ghuba nzima, yamebanana, yana maua ya zambarau, na ndege weupe wanatembea juu yake. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, lakini wahenga hawakuyaona magugu ya ziwa letu. Okelo alijaribu kuwasha injini, majani yakajisokota kwenye mapanga yake, akazima.

"Hii maneno ni ya upepo," akaniambia. "Upepo imeleta, upepo itatoa. Ngoja."

Basi tukangoja. Ufukwe ulikuwa karibu, tunawaona watu wanaota moto, tunasikia watoto wao wakilia, lakini hakuna chombo kilichoweza kupita kuja kwetu wala kwenda kwao. Mashua ikawa nyumba. Tanga tulilifunga likawa paa, na jiko likawa debe lililotiwa mchanga. Tulichemsha mahindi ya biashara pamoja na omena, vile visamaki vidogo vya ziwa, mvua ikinyesha tukajikunyata, jua likitoka magugu yakanuka. Na mbu! Nikitaka kwenda haja nilisubiri giza, Waya anishikie leso.

Rateng' hakusubiri giza. Alifanya popote, naye Okelo akamsafishia bila kununa, tena akimwimbia. Ugali ukiiva, ukoko wa kwanza ulikuwa wa Rateng'. Usiku mimi nililala upande wa Waya katikati ya magunia, kwa sababu heshima haikuruhusu nilale na mume wangu mbele ya shangazi yake, na wewe ungefanya vivyo hivyo. Kwa hiyo ubavuni mwa mume wangu alilala nani? Unajua alilala nani. Nilimsikia anakoroma, yule mbwa, na nilitamani mashua iyumbe aanguke.

Lakini hayo yote ningeyameza. Kilichonishinda ni lugha. Kwangu mimi Okelo alikuwa na lete maji, shika kamba, chakula tayari, na ngoja. Kwa mbwa alikuwa na hadithi ndefu. Alimnong'oneza, alimwuliza maswali, alinyamaza kana kwamba anasubiri jibu, na mbwa akiinamisha masikio, Okelo anaitikia. Siku moja Okelo amesinzia nikamwita Rateng' kwa Kiswahili, njoo. Hakusogea. Nikamwita kwa Kikuria, kwa sauti tamu kabisa ya kuitia ndama. Akanitazama kwa huruma, akageuza kichwa.

Nikamwendea Waya. Alikuwa mama wa zamani, anavuta sigara yake moto ukiwa ndani ya mdomo, vile wanawake wa rika lake walivyozoea ili upepo wa ziwa usiizime. Nikamwuliza taratibu, "Waya, anamwambia nini huyo mbwa?"

Akatoa sigara, akanitazama. "Mimi si redio, nyathina," akasema, yaani mtoto wangu. "Mwenye maneno ako pale. Si uende umuulize?"

"Nikimuuliza ataona namwonea mbwa wivu."

"Kwani humwonei?"

Nikaanza kuchambua omena ambao tayari walikuwa wamechambuliwa.

"Sikia," akasema. "Wivu iko na mwenyewe. Peleka kwa mwenyewe, usipeleke kwa jirani." Kisha akarudisha moto mdomoni, mazungumzo yakaisha.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilimsikia vizuri, ila nikaona haya. Nilijiambia mwanamke mzima, aliyetolewa ng'ombe, hawezi kusimama mbele ya mume akalalamika kuhusu mnyama mwenye viroboto. Nikanyamaza, na wivu ukikosa mlango, mwanangu, unatafuta dirisha. Nikaanza kuwarushia ndege omena wa mbwa. Nikaanza kumkata jicho kila akipita. Yeye alikuwa na njaa tu na hakujua kosa lake.

Ndipo ikaja ile asubuhi ya kicheko niliyokuambia. Nikiwa chini ya leso yangu nilisikia katika ule mto wa Kijaluo neno moja ninalolijua. Apiyo. Akalitaja, mbwa akapiga mkia kwenye mbao, tap tap, wakacheka wote wawili. Mwenye kovu usidhani kapoa, nami nilikuwa nimedhani. Nilijiona mgeni aliyeingia katika nyumba ya watu watatu, na mmoja wao marehemu, na hata huyo marehemu ana lugha kuliko mimi. Pale pale nikaamua kurudi kwa baba yangu. Ng'ombe warudishwe, mambo yaishe.

Sasa hapa usinicheke, au cheka kidogo. Kwetu bara, palipo na majani pana udongo. Niliwaona ndege wakitembea juu ya magugu, nikaona maua, nikaona ufukwe ni pale tu. Nikafunga kifurushi changu kichwani, nikakaza leso kiunoni, Okelo ameinama anatafuta kuni kavu chini ya magunia, nikapanda ukingo wa mashua nikashuka. Rateng' alisimama, akanitazama. Hakunifuata wala hakubweka. Mbwa wa ziwa yule alijua, mimi ndiye nisiyejua.

Hatua ya kwanza yalinibeba, nakuapia. Ya pili yakafunguka. Nilizama mpaka juu ya kichwa, na mizizi ile mirefu, laini, ikanizunguka miguu na mikono, nikaja juu nikakuta majani yamejifunga, sioni tundu. Nilikunywa maji yale machafu. Sikumwaza Apiyo wala mbwa. Nilimwaza mama yangu tu.

Kilichonifikia ni pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua. Ulipenya majani ukanigonga bega, nikaushika. Okelo alikuwa amelala kifudifudi kwenye ukingo, Waya amemkalia miguu kwa uzito wake wote, na alipofikia nywele zangu alizikamata kama mtu anayeng'oa muhogo. Nilivutwa juu ya magunia nikatapika kwa muda mrefu.

Kisha akaanza kunigombeza, na alinigombeza kwa Kijaluo. Yawa! Maneno yalimtoka yakafuatana bila pumzi, anapiga mbao kwa ngumi, ananionyesha magugu, ananionyesha mbingu, mara anishike mabega anitikise, mara ajishike kichwa. Nilielewa Nyar Kuria, binti wa Wakuria, ambalo ndilo jina alilonipa, na nililisikia mara nyingi. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni. Mimi nilikuwa natetemeka kwa baridi, nina harufu ya tope, sielewi neno, na moyoni nilifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza yeye kusema nami kwa kinywa chake chote.

Alipochoka nikamwambia, "Sema kwa Kiswahili."

"Kiswahili yangu ni ya kuuza mahindi," akasema. "Sina Kiswahili ya kulia."

Waya akakohoa, akanitazama, akatazama pembeni. Nikajua zamu yangu imefika. Nikasema, "Okelo, namwonea wivu mbwa wako. Yeye unamwambia mambo yote. Mimi unaniambia ngoja. Leo umemtaja Apiyo mkacheka."

Alishangaa kweli. Alinitazama, akamtazama Rateng', kana kwamba anamwuliza ulikuwa unajua haya? Kisha akajibu polepole, akitafuta maneno. "Nilikuwa namkumbusha vile Apiyo alikuwa anaficha sukari, na huyu anaenda kumwonyesha mama yangu mahali iko. Hiyo tu. Sitakudanganya, nilikuwa nacheka juu ya Apiyo."

"Na mimi?"

"Apiyo nimemcheka. Wewe nimekulilia, saa hii, mpaka sauti imeisha. Unataka nini ingine?"

Habari ya sukari iliniuma, sikufichi. Mtu hapendi kusikia nyumba ilikuwa na furaha kabla yake. Lakini maumivu ya kitu unachokijua yana mwisho, yale ya kubuni ndiyo hayana. Nikamwambia sitaki kingine, nataka anifundishe Kijaluo. Na tulikuwa na nafasi gani ya kukataa, magugu yametubana? Alinifundisha maji, moto, njoo, kaa, upepo, na Waya akisahihisha kutoka nyuma ya moshi wake na kunicheka matamshi. Upepo ulipogeuka hatimaye na magugu yakaanza kuondoka ghubani polepole, kisiwa kimoja baada ya kingine, nilikuwa naweza kumwambia mume wangu kwa lugha yake kwamba nina baridi, nina njaa, na nina hasira.

Tulifika Sindo tukashusha mahindi yaliyobaki, tukafika Rusinga, nikamwamkia mama mkwe kwa Kijaluo kibovu akanikumbatia. Rateng' aliishi nasi miaka kadhaa. Hatukupendana sana mimi na yeye, lakini nilimpa omena wake kila siku, naye akaanza kunisikiliza.

Sasa, mwanangu, ninalokuambia ni hili. Sikuambii usione wivu, maana mtu asiyeona wivu kamwe labda hajapenda, na tena huwezi kuuzuia. Nakuambia usiufiche mpaka ujitafutie njia yake, kwa kuwa utakuonyesha majani utayaita ardhi. Usimtese asiye na kosa, awe mnyama, awe ndugu wa mwenzako, awe marehemu. Nenda kwa yule anayekuuma, umwambie naumia hapa. Aibu ya kusema ni ya dakika moja. Kisha usikilize jibu lote, hata lile lisilokupendeza, na usidai awe hakuwahi kupenda kitu kabla yako.

Nenda nyumbani kwako leo, jua bado lipo. Mungu akupe kinywa cha kusema kabla mguu wako haujakanyaga magugu. Akupe mwenza atakayekulilia kwa lugha ya mama yake, na akupe subira ya kujifunza lugha hiyo mpaka uielewe. Amina.