Maziwa ya Jumatano

Nilianza kufunga nikiwa darasa la saba, na nilianza vibaya. Sisemi sikuwa na bidii. Bidii nilikuwa nayo hata ya kugawia majirani. Nilichokosa ni akili, na kwa mambo ya Mungu bidii bila akili humuumiza mtu wa karibu kuliko dhambi za kawaida.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nikiishi Boito na mama yake baba. Sisi Wakipsigis nyanya tunamwita kogo, na mpaka leo neno hilo likitamkwa mbele yangu nageuka. Wazazi wangu walikuwa na kazi Nakuru, nami niliachwa kwake tangu nikiwa msichana mdogo ili asikae peke yake. Tulikuwa na ng'ombe watatu, shamba la majani chai lililoteremka mpaka kwenye kijito, na jiko la udongo ambalo ndani yake vibuyu vya maziwa vilitundikwa ukutani, vimepangwa kwa ukubwa. Kimoja kidogo kilikuwa changu. Hakuna mtu mwingine aliyenyweshwa kutoka humo.

Kogo hakuwa ameokoka. Jumapili asubuhi alinipaka mafuta miguuni, akanivuta kola ikae sawa, akanisindikiza mpaka kwenye lango. "Wasalimie huko," alikuwa akisema, kana kwamba Mungu ni jirani wa ng'ambo ambaye hajapata nafasi ya kumtembelea. Kisha yeye alikwenda kukatia ng'ombe nyasi.

Hilo halikuwa limenisumbua mpaka mwaka ule mwalimu wa vijana kanisani kwetu alipotufundisha kufunga na kuomba. Alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti kubwa. Alituambia kila mmoja achague mtu mmoja ambaye hajaokoka, amfungie kila Jumatano na kila Ijumaa, tangu kuamka mpaka saa kumi na mbili jioni, hadi siku arobaini zipite. Wenzangu walichagua wajomba walevi. Mimi nilimchagua kogo. Mwalimu alikuwa ametueleza moto wa milele kwa ufundi mkubwa, na jioni ile nilipomwona kogo ameinama akipuliza moto jikoni, uso wake umemulikwa mwekundu, nilishindwa kumeza ugali. Nilikuwa nampenda mtu huyu kuliko mtu yeyote duniani. Niliogopa atakufa hivyo hivyo alivyo, na kosa litakuwa langu.

Sharti lilikuwa moja: siri. Anayefunga anawe uso, ajipake mafuta, acheke na watu. Akitangaza njaa yake, mwalimu alisema, tayari ameshakula thawabu yake na maombi yameharibika. Mimi nilishika sharti hilo kama polisi.

Kufunga katika nchi ya chai ni kazi. Huwezi kupita nyumba yoyote bila kuitwa ndani uwekewe kikombe, na upepo ukitoka upande wa kiwanda unaleta harufu ya majani yanayokaushwa mpaka darasani. Jumatano ya kwanza, kufika saa nne, chaki ya mwalimu wa hesabu ilikuwa inafanana na muhogo. Nilijipaka mafuta mengi sana hata rafiki yangu akaniuliza kama nimealikwa harusini.

Lakini shida yenyewe ilikuwa saa saba. Shule ilikuwa karibu na tulirudi nyumbani kula. Nisingeenda, kogo angefika shuleni mwenyewe na chakula kwenye kikapu, na watoto wote wangejua. Kwa hiyo nilikwenda. Nilikuta ugali na mboga ya managu, na kikombe kimejaa mursik kutoka kwenye kile kibuyu changu. Mursik ni maziwa yetu ya kugandisha. Kogo alikuwa akichoma kijiti cha mti wa senetwet, anasugua makaa yake ndani ya kibuyu mpaka kote kuwe na harufu ya moshi mtamu, kisha anatia maziwa yaliyochemshwa na kupoa, anafunika, anangoja siku kadhaa. Yanatoka mazito, yana rangi ya kijivu kidogo. Hakuna kitu kitamu kama hicho, na mwenye njaa ndiye anayejua.

Nilipokea. Nikashukuru. Nikasema nakwenda kulia nje kwenye jua. Ugali nikampa mbwa wetu. Maziwa mbwa hakuyamaliza, na kengele ilikuwa karibu kulia, basi nikayamwaga chini ya michai ya nyuma ya jiko.

Msomaji ambaye hakulelewa kwetu huenda asishtuke hapo. Kwetu maziwa hayamwagwi. Mtoto akijikwaa akamwaga kikombe, watu wazima hunyamaza kidogo kama wamesikia habari ya msiba. Lakini nilijiambia ni kwa ajili ya roho yake, na roho ni kubwa kuliko maziwa. Ijumaa nikarudia. Jumatano iliyofuata pia. Mbwa akanenepa. Akaanza kujua siku. Alhamisi hakusumbuka kunifuata, Ijumaa saa saba alikuwa amekwisha kukaa nyuma ya jiko anatikisa mkia.

Kogo naye alianza kubadilika, na mimi mjinga nikafikiri ni Roho Mtakatifu anaanza kazi. Alinyamaza. Alikuwa mtu wa kuongea na ng'ombe, na kuku, na majani chai yenyewe akiyachuma. Sasa alichuma kimya. Jioni aliniwekea chakula mbele yangu na kwenda kukaa mlangoni, akinipa mgongo. Siku moja nilikuta ameteremsha vibuyu vyote, ameviosha, ameviweka juani, na kile changu amekisugua kwa nje mpaka kikang'aa, kama kitu kinachoandaliwa kurudishwa kwa mwenyewe. Nilimuuliza anafanya nini. Akasema, "Naosha."

Ijumaa ya wiki ya tatu, nikitoka shule saa kumi, mama mwenye duka kwenye njia panda aliniita. Alikuwa Mkikuyu, watu wake walihamia huku zamani, na alikuwa akikaa kiti cha mbele kanisani kwetu. Nyuma ya duka alifuga ng'ombe mmoja.

"Haiya, kuja hapa kidogo, msichana wangu," alisema. "Nyanya yako alikuwa hapa asubuhi. Ameniomba maziwa."

"Maziwa?"

"Hata mimi nilishangaa. Nikamuuliza, kwani ng'ombe zenu zimekauka? Akasema hapana, ni ya msichana. Alafu akaniuliza kama mimi nimeokoka. Nikamwambia ndiyo, nimeokoka. Akaniuliza tena, kabisa kabisa? Nikamwambia kabisa. Ndio akaniambia nimpimie, lakini ikuwe ya hii nyumba yangu, si ya kununuliwa kwa watu." Alinitazama. "Kuna nini huko kwenu?"

Nilikuwa nimeshaelewa.

Inabidi nieleze. Desemba iliyotangulia kulikuwa na sherehe ya kuwatoa vijana jandoni, na kogo alitoa vibuyu vyake vitumike, kama alivyofanya miaka yote. Mwezi wa pili dada yake baba, ambaye ameolewa Kapsoit na alikuwa ameokoka karibuni, alikuja kutusalimia. Kogo alimtilia maziwa. Shangazi akayasukuma pembeni. Alisema hawezi kunywa kutoka kwa chombo kilichotumika kwa mambo ya mila, kwamba nyumba ya mtu aliyeokoka na nyumba ya asiyeokoka hazinywi pamoja. Alimwambia hivyo mama yake mzazi. Kogo alichukua kikombe, akakinywa mwenyewe polepole, na hakulitaja jambo lile tena. Sasa alikuwa ameona maziwa yake chini ya michai, na ni mimi niliyekuwa nikikaa kanisani kila Jumapili. Alihesabu moja na moja.

Nilikimbia. Nilimkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda. Mbele yake palikuwa na jagi la plastiki la mama wa dukani, limefunikwa kwa sahani.

"Haya yametoka kwa nyumba ya maombi," alisema kwa Kikipsigis. "Kunywa."

"Kogo, si hivyo."

"Ni vipi? Mara ya kwanza nilipoyaona chini nilifikiri umejikwaa. Mara ya pili nikafikiri ni mbwa. Mara ya tatu nilisimama dirishani nikakuona." Hakuwa amepandisha sauti, na hilo ndilo lililoniua. "Shangazi yako alikataa akiniangalia usoni. Wewe ulipokea, ukasema asante, ukaenda kumwaga. Kama mimi ni mchafu, niambie. Nitakutafutia chakula mahali pasafi. Lakini usinifiche."

Wanasema mficha uchi hazai. Nilipiga magoti pale kwenye majivu nikalia kwa sauti, nikamwambia yote. Jumatano, Ijumaa, mwalimu, mbwa, moto wa milele. Niliivunja siri yangu vipande vipande na sikujali thawabu imekwenda wapi.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akauliza, "Kwa hiyo umekaa na njaa kwa ajili yangu."

"Ndiyo."

"Na huyo Mungu unamwomba nini?"

"Usipotee."

"Nipotee niende wapi? Mimi niko hapa tangu nilipoolewa."

Nilicheka huku makamasi yakinitoka. Yeye hakucheka. Alinishika kidevu akanigeuza niangalie mlangoni, kwenye mwanga, akanichunguza mashavu kama anavyochunguza ndama aliyekonda.

"Sikiliza," akasema. "Mimi nilifunga kabla baba yako hajaota meno. Mwaka wa njaa tulikuwa tunapata kikombe kimoja kwa siku. Nilikuwa namtilia yeye. Nakaa hapa namtazama akinywa, tumbo langu linalia, na moyo unafurahi. Hakuna aliyenifundisha. Kwa hiyo usifikiri hiyo kitu yako ni ngeni kwangu. Lakini sikumwaga. Kama hutaki kunywa, usinywe. Maziwa lazima yapate mdomo."

Nimesikiliza mahubiri mengi kuhusu kufunga tangu siku hiyo, mengine ya watu wenye shahada. Sijasikia yaliyo mazuri kuliko hayo.

Jumatano iliyofuata nilirudi saa saba nikakuta kibuyu changu kimejazwa na kufungwa vizuri. Aliniambia nikipeleke kwa mama mmoja aliyekuwa akichuma majani kwa kibarua shambani kwa jirani. Alikuwa amejifungua wiki iliyotangulia na hakuwa na mtu wa kumpikia. Nilimpa. Alikunywa amefumba macho, mtoto mgongoni, na nilisimama mbele yake nikiwa na njaa ya kweli, mate yananijaa mdomoni, nikaona kwa mara ya kwanza njaa yangu imefika mahali. Yule mama alifuta mdomo, akaniuliza kama mimi nimeshakula. Nilisema ndiyo. Nadhani Mungu alinisamehe uongo huo.

Jambo jingine sikulitarajia. Siku zile za kufunga kogo naye hakula mchana. Nilimsihi. Nilimwambia yeye hajaokoka, hatakiwi kufunga. "Nani anafunga?" akasema. "Siwezi kula nyumba moja na mtoto mwenye njaa. Haijawahi kutokea hapa." Akachukua kikapu akashuka shambani kuchuma, mchana kutwa, na jua likipenya mawingu. Alikuwa mtu mzima. Niliona mikono yake ikitetemeka tukiwa kwenye banda la kupimia majani, na nikaogopa tena, sasa kwa njia nyingine. Niliomba siku arobaini ziishe upesi.

Ziliisha Ijumaa moja. Jumapili mwalimu alitaka tuwalete watu wetu wasimame mbele ya kanisa, na sikuwa na wa kumsimamisha. Kogo hakuwa amesema neno lolote kuhusu kuokoka. Sikuwa nimemuuliza, kwa sababu niliogopa jibu. Saa kumi na mbili jioni tulikaa jikoni, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye gunia, vikombe viwili vimejaa. Nilifumba macho nianze ombi langu la kufungua, ambalo lilikuwa refu, maana nilikuwa na mengi ya kumlalamikia Mungu.

"Ngoja," kogo akasema. "Leo nitasema mimi."

Aliinuka. Akavua kitambaa cha kichwa, jambo ambalo hakulifanya mbele ya watu, akasimama mlangoni akiangalia nje. Alikuwa kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba asiyoizoea.

"Wewe ambaye huyu mtoto anakaa na njaa mbele yako," akasema, "mimi sikujui vizuri. Yeye anakujua. Amekuomba mimi nisipotee. Mimi nakuomba yeye asipotee. Kama huko ndani mna nafasi ya mtu mmoja tu, mpe yeye."

Nilifungua macho. Machozi yalikuwa yananitiririka mpaka shingoni. Nikamwambia, "Hapana, Kogo. Nafasi si ya mtu mmoja."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Na nilikuwa na hakika. Hofu iliyokuwa imenikaba wiki zote zile ilikuwa imeondoka.

Alirudi akakaa, akajifunga kitambaa chake taratibu, akavuta kikombe karibu.

"Basi sema amina," akasema. "Nina njaa."