Fidla ya Maalim Faki na Kanda ya Waayalandi

Asubuhi nimemtumia Faki voice note, namuuliza mazoezi saa ngapi. Nishaituma ndipo nikakumbuka kuwa Ijumaa tumemzika.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Maalim Faki wetu wa Tibirinzi, mwalimu wa hesabu na mpiga fidla, hatunaye tena. Akili inajua, moyo haujakubali.

Kwa wasiomjua: huyu ndiye aliyetutia maradhi ya muziki wa Ayalandi hapa Chake, Pemba. Daktari mmoja wa kule alipomaliza mkataba wake alimwachia kanda ya bendi ya kwao, wazee wenye masweta, na fidla zao na filimbi. Faki aliisikiliza mpaka maandishi ya juu yakafutika.

Mie nikadhani yatampita. Wapi! Akanivuta na udi wangu, akamvuta na jirani yake mpiga ngoma ya dumbaki, tukawa bendi.

Ilikuwa ile miaka vyama vingi vimeingia. Wakubwa mnakumbuka, ndugu hawazikani, duka la huyu yule hapiti.

Taarabu ikawa mtihani. Ukiimba ua, umesifu chama kile. Ukiimba paka, umetukana chama hiki. Kuna harusi ya kule Jadida iligawanyika kati kwa kati kwa wimbo wa chungwa. Wallahi, chungwa la kula.

Faki akasema, "Basi tutapiga ya Waayalandi. Haina maneno, nani atajisikia kasemwa?"

Tukapiga. Kina mama wa pande zote mbili wakainuka, wakacheza, wakatutunza. Mzee mmoja akamfuata Faki, kakunja uso. "Maalim, hii ya chama gani?" Faki akamwambia, "Ya wazee wenye masweta." Mzee akaenda kukaa, akala biriani yake.

Kuna moja tulikuwa tukiipiga polepole, bibi harusi akitolewa, watu wote wanalia. Miaka ikapita, vijana wakatuonyesha kwenye simu bendi ile ile inaipiga. Kumbe ni ya kurukaruka! Tulipokuwa tunajifunza, betri za redio ya Faki zilikuwa zimechoka, kanda inajikokota, na sisi tukalegeza nyuzi tulingane nayo.

Faki akaisikiliza mpaka mwisho. "Wana haraka ya nini hawa?" Akaendelea kuipiga vile vile mpaka anaondoka.

Sasa lililonikaa rohoni ni hili. Kazi yangu ni studio, nyote mnajua, na recording ya Faki ninayo mimi peke yangu. Nilimrekodi barazani kwake akiipiga hiyo hiyo ya bibi harusi. Hakuna nyingine.

Tangu Ijumaa inbox imejaa. Wengine mnasema, weka clip tumsikie. Wengine mnasema, usithubutu, utamtia marehemu dhambini kila itakapochezwa. Wote mnampenda, na mie nimebaki na simu mkononi sijui nifuate la nani.

Nikaenda kwa mkewe, Bi Mize. Yuko edani, tukazungumza pazia katikati.

"Shemegi, muziki usiuweke," akasema. "Mwenyewe aliniusia, akifa na fidla yake inyamaze."

Nikamwambia sawa, naifuta leo leo. Nikainuka niage.

"Usifute yote," akasema. "Pale mwanzo, kabla hajaanza, si ananiita?"

Kweli anamwita. Natega mic, Faki anakohoa, anakaza nyuzi, halafu anasema, "Mize, acha vyombo, njoo ukae." Kila siku nilikuwa nataka kukiedit kile kipande nikitoe, kina kelele za masufuria.

Nimerudi studio nikafanya kinyume. Nimeikata fidla yote, wimbo mzima, na nimelia kama mtoto. Nimebakisha kikohozi, nyuzi, masufuria na lile neno lake.

Nikampelekea. Binti yake ananiambia mama anaisikiliza mpaka simu inazima.

Kwa hiyo clip sina, msiniombe. Mkimkumbuka msomeeni Fatiha, na mkikutana harusini na mtu wa chama kingine, mpisheni akae.

Maalim wangu, Mungu akupe nuru kaburini mwako. Pumzika, yakhe. Ulimwita Mize akae. Amekaa, anakusikiliza.