Mama Mkwe Hapandi Pikipiki

Hadi leo nikinusa petroli iliyochanganyika na ngozi iliyolowa, narudi moja kwa moja gerejini kwetu Pickering, kando ya Toronto, majira yale ya joto nilipokuwa na miaka minane na roho imenichacha kwa wivu. Baba alikuwa na pikipiki kuukuu nyekundu, na alikuwa ameamua kuiendesha mpaka kwenye milima ya magharibi, safari ya siku nyingi kutoka kwetu. Nyuma yake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu. Nafasi hiyo ilimwendea dada yangu Wanjiru.

Si umri ulioninyima, ni jina. Kwetu sisi Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na wa pili jina la mama yake mama. Kwa hiyo Wanjiru alikuwa mama mzazi wa Baba. Ndivyo Baba alivyomwita, "Mama", na alichoomba hakunyimwa. Mimi Nyambura nilikuwa mama mkwe. Baba aliniamkia kwa kuinama, akaniuliza mbele ya wageni kama mbuzi wa mahari walinitosha, na watu wa kanisani wakacheka mpaka chai ikawapalia. Siku nilipomng'ang'ania suruali nikilia anipakie mimi, alijitia huzuni usoni. "Mama mkwe hapandi pikipiki na mkwewe," akasema. "Watu wakiona umenikumbatia barabarani, uso nitauficha wapi?" Wote waliangua kicheko. Mimi nilidhani ni sheria, kama zile amri kumi tulizokaririshwa Jumapili, na sikuomba tena.

Wakaondoka. Kila jioni Wanjiru alipiga simu, na Mama akaiweka kwa sauti kubwa mezani ili sote tufaidi. Mvua ya mawe iligonga tangi la pikipiki kama mahindi yanayopukuchuliwa kwenye debe. Upepo uliisukuma pikipiki ukingoni mwa genge. Radi ilipasua mlima mzima ukawa mweupe, wakajificha chini ya daraja na kunywa chai kutoka kifuniko kimoja cha chupa. Nilijiziba masikio kwa mto, kisha nikauondoa kidogo, maana nilitaka kusikia. Nilimwomba Mungu awanyeshee zaidi; nikaogopa, nikamwomba aache kwanza. Aliye juu mngoje chini, nilijiambia, nikamngoja Wanjiru ashuke. Aliposhuka pale uani alitembea taratibu kama mama aliyerudi sokoni na faida, koti linanuka moshi na matope, na wiki nzima sikumsemesha.

Siku hizi magoti ya Baba yamekataa na pikipiki iliuzwa. Mimi ndiye ninayempeleka kliniki na kanisani. Anakaa kando yangu, mkanda umemshika, na bado ananiita mama mkwe. Mwenye kovu usidhani amepoa. Mwaka jana nilijiendea milimani kwa gari, peke yangu. Dhoruba ikanikuta huko, nikaegesha, nikatazama vilele vikimezwa na wingu jeusi na maji yakiporomoka kwenye miamba. Palikuwa pazuri, sitasema uongo. Lakini nilikaa pale nikingoja kufurahi, na furaha haikuja.

Niliporudi nilimsimulia Wanjiru jikoni kwake Mississauga. Alicheka, akanimiminia chai.

"Heri wewe umeiona," akasema. "Mimi hiyo milima sikuiona. Zile story za simu nilikuwa naambiwa na Daddy jioni. Niliogopa ngurumo, nikafunga macho, nikalaza uso kwa mgongo wake njia yote. Kitu nilikuwa nasikia ni moyo wake tu, hapa kwa sikio."

Alidhani ananifariji. Nikainuka kuosha vikombe ambavyo hatukuwa tumemaliza kunywea, asinione uso, kwa sababu milima mimi sikuwahi kuitamani.