Wati Mia za Balbu Iliyoungua

Juzi wajukuu zangu wawili walinuniana kutwa nzima sebuleni kwa sababu ya mashine zao za michezo ya televisheni. Mmoja anadai ya kwake ina nguvu zaidi, mwingine anasema nguvu bila picha safi ni kelele tu, kwani kwenye ya kwake hata majani ya mti yanahesabika. Wakataka niamue. Nilicheka mpaka nikavua miwani, maana ubishi huo, ndugu yangu, naujua. Tulibishana hivyo hivyo sisi pale Mtendeni, Tabora, enzi za Ujamaa, tena juu ya balbu zilizokwisha kuungua.

Sinema yetu ilitengenezwa hivi. Unatafuta boksi la sabuni, unalitoboa pande mbili. Balbu mbovu unaing'oa kitako taratibu, unatoa nyaya za ndani, unaijaza maji na kuiziba kwa nta ya nyuki, kitu ambacho kwetu hakikuadimika hata sukari ilipoadimika. Nyuma ya balbu unapitisha kipande cha filamu. Mwenzako anasimama uani na kioo, analirusha jua lipite dirishani hadi kwenye boksi, na ukutani, ndani ya chumba kilichozibwa kwa mablanketi, anatokea mtu. Filamu tulizipata kwenye gari la sinema la serikali lililokuja uwanjani kutuonyesha vijiji na mbolea. Mkanda ukikatika, mwendeshaji alikata sehemu iliyoharibika na kuitupa, nasi tukaigombea. Kiingilio kwetu kilikuwa kiganja cha karanga za kuchemsha, na chumba kizima kilinuka karanga na jasho.

Balbu yangu ilikuwa ya wati arobaini. Mtoto wa jirani yetu, fundi saa, alikuwa na ya wati mia, kaletewa na mjomba wake, na hakutuacha tupumue. Kwake yeye zile wati zilikuwa bado zimo humo humo ndani ya maji. Mimi nilimjibu kuwa picha yangu ni kubwa kuliko yake, na kweli ilikuwa kubwa, hadi leo sijui kwa nini. Akasema kubwa ndiyo, lakini imefifia kama uji wa mgonjwa, wakati kwenye yake unaona hata vifungo vya shati. Mtaa ukagawanyika. Kuna watoto walioacha kusalimiana kisimani. Mwishowe tukapeleka shauri kwa mwalimu wetu. Alitusikiliza kwa makini, akasema balbu iliyoungua haina hata wati moja. Tulimshukuru kwa adabu, tukatoka, na kwa mara ya kwanza mimi na mtoto wa fundi saa tukakubaliana: mwalimu hajui mambo ya sinema.

Sasa, nyumbani nilikuwa na bibi yangu, mzaa mama, na bibi alikuwa na mtoto wa jicho. Mchele aliuchambua kwa kupapasa. Mama alipotaka kumpeleka hospitali ya Kitete, alikataa, akasema anaona vizuri sana, na kama ushahidi akataja rangi ya khanga aliyovaa mama. Rangi hiyo nilikuwa nimemnong'oneza mimi. Sinema hakuwahi kuiona maishani. Ujanani mwake mwanamke wa kujiheshimu hakuonekana kwenye ukumbi, na gari la sinema lilipokuja alibaki kulinda nyumba. Nilitaka aone picha, hata moja tu, kabla macho hayajafunga. Kilichoniumiza ni kwamba nilimjua: hata asipoona kitu, atasema ameona, ili mimi nisihuzunike.

Basi nikameza kiburi changu, nikaenda kwa fundi saa kumwomba mwanawe. Alikuja na balbu yake Jumamosi saa saba, jua likiwa kali. Hatukuamua ipi ni bora. Tulitumia ya kwake kwa sababu bibi alihitaji mwanga, na badala ya kioo kimoja wadogo zangu wakashika viwili uani. Bibi aliketi mkekani, kajifunga khanga yake ya Idi, ananukia karafuu. Mtoto wa fundi saa akapachika filamu haraka haraka. Ukuta ukawaka. Sisi sote hatukuutazama ukuta, tulimtazama bibi.

"Bibi, unaona?"

"Naona, mke mwenzangu."

Lilikuwa jibu lile lile la kila siku. Kisha akainama mbele kidogo, akakunja uso.

"Ila huyu bwana mbona mmemning'iniza miguu juu? Amewakosea nini?"

Tukageuka. Filamu hupachikwa kichwa chini ili ukutani isimame wima, na katika haraka ile mwenzangu alikuwa ameipachika kinyume. Nilimkumbatia bibi nikalia kwa furaha, naye akauliza kama mtu mwenyewe ameumia. Mtoto wa fundi saa akatangaza, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi, kwamba hizo ndizo wati mia. Siku ile sikumbishia.

Mvua zilizofuata, macho yake yakafunga kabisa. Hata hivyo kila Jumamosi aliketi palepale, nasi tukamsimulia kilichopo ukutani: treni, mkulima na jembe lake, mama mwenye mtungi. Jua lilizichoma filamu zetu moja baada ya nyingine mpaka ukuta ukabaki mweupe, na gari la sinema halikuja tena. Hatukumwambia. Mtoto wa fundi saa akampa farasi wawili, mimi nikampa harusi ya Urambo yenye ngoma na bibi harusi mnene, na bibi akacheka, akataka kujua wamepika nini. Nyumba ile imeshavunjwa, fundi saa alihama na mwanawe, na bibi tulimzika zamani. Picha zile bado ninazo kichwani. Zinazoonekana vizuri kuliko zote ni zile ambazo hazikuwahi kuwapo ukutani.