Taa Zilizojizima Ghorofa ya Tatu

Saa kumi na mbili na dakika saba jioni, taa za korido ya ghorofa ya tatu zilijizima zenyewe, nami, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, nikaruka kwa furaha. Zikawaka tena. Nikatulia kabisa. Baada ya dakika mbili, giza. Nikapunga mkono. Mwanga!

Mwenzangu wa zamu, Mganda, alicheka mpaka akashika ukuta. "Injinia, unacheza na nani huko?"

Nilikuwa mlinzi tu wa jengo hilo la mtaa wa Al Mankhool, huku ughaibuni, ila vitabu vya umeme nilijisomea mwenyewe kwa miaka. Ni mimi niliyemshawishi mwenye jengo, tuliyemwita arbab, aweke vihisi vya kuzima taa pasipo na mtu. Alikubali kujaribu ghorofa moja kati ya kumi, kwa dirhamu 2,640.

"Vikilipa, utakuwa fundi wa jengo, na chumba nakupa hapa hapa," aliniambia. "Visipolipa, khalas, vitabu vyako soma kwenye basi."

Basi hilo la kampuni, kutoka kambi yetu ya Al Quoz na kurudi, lilinilia saa mbili kila siku.

Kwa siku thelathini nilisoma mita ya korido saa ileile. Matumizi yalishuka karibu nusu. Nilitembea nikipiga mluzi. Hata mama mpangaji, akitafuta ufunguo mkobani huku mkono mwingine ukipunga hewani, hakuniharibia siku.

"Wewe mlinzi! Nimekuwa trafiki mlangoni kwangu?"

Kisha nikazidisha uniti zilizookolewa kwa bei. Kwetu nyumbani umeme ni ghali, taa inayowaka bure ni dhambi. Bei ya umeme wa hapa sikuwahi hata kuiuliza, kumbe ni ndogo mno. Mwezi mzima, tumeokoa dirhamu kumi na moja. Vihisi vingejilipa baada ya miaka ishirini.

Nikampelekea arbab karatasi. "Sir, nilikosea."

Akaisoma mara mbili. "Miaka ishirini? Vitakufa kabla yangu!" Akacheka hadi machozi, nami nikaambukizwa, nikacheka huku chumba nikikiona kinaniponyoka.

Alipotulia, akatoa kwenye droo mkataba wa vihisi vya ghorofa tisa zilizobaki, kwa bei ileile kila moja. Alitarajiwa kuusaini kesho yake. Akauchana.

"Muuzaji wa vihisi aliniapia vitajilipa kwa miaka miwili. Chukua ufunguo wa chumba, fundi. Yalla!"

Nilishuka ngazi mbili mbili, nikipiga hesabu kwa sauti. Tulikuwa tumeokoa dirhamu 23,760.